Aliyepika Ugali Ndani ya Msingi wa Mtu

Nilikuwa Dumila, nabishania bei ya vitunguu na mama mmoja asiye na haraka, pale kondakta wa basi la Dodoma, jirani yangu, aliponiita kutoka mlangoni mwa basi: "Mzee, Bibi katutoka asubuhi hii!" Vitunguu niliviacha palepale. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamfahamu Bibi huyu, maana nimemtania mara nyingi katika safu hii, naye alikuwa akisomewa, anacheka, kisha ananiagizia matusi. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi, na makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu: anaweza kuniambia lolote, nami siruhusiwi kununa. Kwa hiyo alasiri ile makaburini nilitimiza wajibu wangu. Nilitangaza kwa sauti kwamba huko aendako waufiche ugoro wao mapema. Wageni waliotoka Dar es Salaam walinikodolea macho. Binti zake wakacheka huku wanalia, nikajua nimefanya vizuri.

Tulijuana enzi za ruksa. Kabla ya hapo mfuko wa saruji ulitafutwa kwa kibali na kwa kujuana, na mabati uliyasikia tu kwa wenzako. Mara maduka yakajaa, na kila mwenye mshahara au robota la mitumba akataka kiwanja mjini Morogoro. Viwanja vilivyopimwa havikutosha, tukawaendea wenye mashamba. Bibi ndiye aliyesimamia ardhi ya ukoo wake chini ya milima, kwani kwa Waluguru ardhi hupitia upande wa mama. Nilikwenda na mke wangu, tumevaa nguo za sikukuu, nimejiandaa kueleza kazi yangu na idadi ya vyumba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Maji yako utayapeleka wapi?"

Nikamwambia sijajenga bado, maji gani tena?

"Ya bati lako. Ya kuogea. Na haya ya mlimani, ambayo hayapigi hodi. Nenda kafikiri, mtani, ukipata jibu urudi. Mkeo anaweza kubaki, anaonekana ana akili."

Nikazunguka shambani peke yangu, jua kali, viatu vya sikukuu vinanibana. Ndipo nilipouona mfereji. Ulikuwa mkavu, umejaa majani, lakini masika ndio uliobeba maji yote ya upande ule wa mlima hadi mtoni. Kando zake Bibi alikuwa ameacha ukanda wa ardhi ambao hakumuuzia mtu yeyote. Nilirudi na jibu, akaniuzia kiwanja cha mwisho kabisa huku bondeni. Maana yake ni kwamba mfereji ukizibwa juu, mafuriko yanalala kitandani kwangu.

Na ulikaribia kuzibwa. Kiwanja cha juu alikinunua mfanyabiashara wa mchele wa Dakawa, Mnyamwezi mwenzangu, mtu mkarimu lakini mwenye tamaa ya gereji kubwa ya lori lake. Alipouona ule ukanda mtupu, akaamuru mafundi wachimbe msingi kuukatiza na mfereji ufukiwe kwa kifusi. Mjumbe wa nyumba kumi alipokwenda kumkanya, akaambiwa alete karatasi. Nilipokwenda mimi nilipewa soda, tukazungumza habari za Tabora, nikarudi mikono mitupu. Masika yalikuwa yananukia. Mke wangu akaanza kupandisha magodoro ya watoto juu ya kabati.

Asubuhi moja mafundi walimkuta Bibi ndani ya msingi. Ametandika mkeka, amepanga mafiga, ugali unachemka. Tulijaa pale mtaa mzima. Mwenye msingi akaja na pikapu yake, akasimama ukingoni.

"Bibi, unafanya nini humo?"

"Nahamia. Mtani wangu kanijengea nyumba, ningekataaje? Hapa sebule, pale nitalala. Ila wewe ulale huu upande wa mlima, maji yakija yaanze na wewe. Mimi mzee, siwezi kuogelea."

Mafundi walicheka mpaka wakaegemea makoleo. Yule bwana alijaribu kukunja uso, lakini Mnyamwezi atakayemnunia Mluguru hadharani atachekwa hadi kwao. Akajikuna shingo, kisha akauliza, "Mboga gani hiyo?"

"Mlenda. Vua viatu uingie."

Akaingia. Wakala pamoja humo shimoni, na nilimwona Bibi akielekeza tonge lake juu mlimani, kisha chini kwenye bati langu. Jioni ile msingi ulifukiwa, ukachimbwa mwingine ndani ya mpaka. Kwa miaka mingi bwana yule alinung'unika kwamba kuna bibi alimlia gereji kwa mlenda, na kila sikukuu alimpelekea mchele.

Miji yetu inakua, na tunazungumzia nyumba kana kwamba inaishia kwenye ukuta wake. Tulipopata ruksa ya kununua saruji tulidhani tumepata makazi. Tumechoma matofali kwa miti ya mlimani, na sasa mlima unatuteremshia maji pamoja na udongo wake. Sheria zinahitajika, na wapimaji pia, sibishi. Ila majirani wataishi ukuta kwa ukuta hadi uzeeni, na Bibi alijali sana kwamba yule aliyeshindwa aondoke anacheka. Nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumwambia.

Kila mwaka kabla ya masika alipita nyumba kwa nyumba akigonga milango kwa fimbo na kututukana, ili kila mmoja azibue kipande cha mfereji kilicho mbele yake. Mwaka huu hakuna aliyegonga. Jumamosi iliyopita mawingu yalitanda juu ya Uluguru nami nimekaa mezani, nahangaika kuandika kumbukumbu hii, huku nikiwaza kwamba sasa tumekwisha. Nikasikia majembe. Nilipotoka nikakuta mfereji mzima umezibuliwa kutoka juu, na mfanyabiashara wa mchele, mzee sasa, kitambi mbele, anajipangusa matope. Mbele ya nyumba yangu tu ndipo palipobaki majani na tope kama palivyokuwa.

"Na hapa?" nikauliza.

"Hapo kwako. Bibi alituachia wosia tusikusaidie, utazoea vibaya."

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Nikachukua jembe nikaanza kuchimba, matone ya kwanza yakinipiga mgongoni, nikawa nacheka na kulia kwa pamoja na sikuona haya. Nyumba hii niliijenga kwa jasho langu, na nimejisifia sana. Lakini imesimama hadi leo kwa sababu walioko juu hukumbuka kwamba mimi niko chini.