Mkwe Wangu na Filimbi ya Msaji

Mwaka niliooa nilikuwa fundi wa kutoboa mashimo katika mbao za majahazi, pale Matondoni. Nilishika keke tangu asubuhi hadi alasiri, na keke hiyo ndiyo iliyonitia wazo la kujitengenezea filimbi. Nilidhani mtu anayetoboa ubavu wa jahazi hawezi kushindwa na kijiti.

Vijiti viwili vilipasuka. Cha tatu, cha msaji, nilikitoboa kwa siku nne, kutoka ncha hii na ile, mpaka matundu yakakutana katikati. Matundu ya vidole niliyachoma kwa msumari wa moto. Nikaipaka filimbi yangu mafuta ya nazi, nikaipeleka mdomoni. Ikatoa upepo tu.

Wiki nzima nilipuliza hadi kichwa kikaniwanga. Mke wangu alikuwa mpole, akasema huenda mti haujakauka.

Ijumaa tukaenda Kipungani kumwamkia mama yake. Mkwe ni mtu wa kumstahi, na sikutaka anione nimevimbisha mashavu, basi nikaenda kupuliza nyuma ya nyumba. Sikujua kwamba yeye na mke wangu walikuwa wameketi upande wa pili wa ua wa makuti, wakisuka mkeka.

"Bwana," akaniita, "huo uji bado haujapoa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mke wangu alicheka mpaka akainama.

"Hebu ilete niione," akasema mama.

Nikazunguka ua, nikampa mke wangu, naye akampa mama yake. Mama aliigeuza, akafuta tundu kwa pindo la leso, akateremsha kidevu. Sauti ikatoka, nene na laini, ikapanda, ikashuka, ikakaa. Mke wangu aliacha kucheka. Ukindu ulikuwa bado mkononi mwake.

"Mama, umejifunza wapi?"

"Shambani kwa baba yangu, nikiamia ndege wasile mtama. Nilipoolewa sikukatazwa. Ni kwamba filimbi yangu ilivunjika, na kila nikitaka kutafuta nyingine, kuna mmoja wenu analia."

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, hupulizi, wasukuma. Fanya kama mtu atemaye kokwa ya kunazi."

Nikatema kokwa. Mara ya tatu filimbi ikalia. Nikacheka kwa furaha, sauti ikakatika, nikaanza tena. Ilikuwa noti moja tu, lakini niliihisi mpaka kwenye meno, na sikutaka kuiacha. Tulikuwa tumekwenda kulala siku moja. Tukakaa tatu.

Niliporudi Matondoni nikamtengenezea mkwe wangu filimbi yake, nyembamba zaidi, matundu yakikaribiana kwa ajili ya vidole vyake. Tulipompelekea aliipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo ndani. Muda si muda tukamsikia.

Mwezi uliofuata kulikuwa na harusi ya jirani yake. Wanawake walikuwa ndani ya ua, wanaume nje barazani. Nilipiga kipande alichonifundisha, na kutoka ndani filimbi nyingine ikanijibu, ikinisahihisha kila nilipokosea. Watu wakasogea kusikiliza. Mzee mmoja akaniuliza ni nani huyo anayenijibu.

"Ni mwalimu wangu," nikasema.

"Basi mwalimu wako ana pumzi ya nahodha."

Nilimfikishia mkwe wangu sifa hiyo kupitia kwa mke wangu. Aliisimulia kwa kila mgeni aliyekuja kununua mkeka, na kila mara, niliambiwa, nahodha yule alizidi kuwa mkubwa.