Maua ya Wajapani, Siku Mama Alipopasuliwa

Sikutaka kwenda. Ijumaa ile mama alikuwa anapasuliwa uvimbe tumboni, kule Tanga, nami nilikuwa nimepanga kulala chumbani kwetu hapa Doha nikiikodolea macho simu mpaka iite. Mwenzangu wa chumbani, Mkenya ninayetandika naye vitanda hoteli moja, akaninyang'anya shuka.

"Vaa twende. Ukikaa hapa utakufa kabla hujajua mamako ako aje."

Sherehe ilikuwa ya Wajapani, ya kufurahia maua yao ya sakura, katika bustani moja karibu na bahari. Mti wenyewe hauoti Doha, basi walisimamisha matawi ya mbao wakayafunga maua ya kitambaa, ya rangi ya waridi, mamia kwa mamia. Watu walipanga foleni wapigwe picha chini yake. Mimi nilipita pale labda mara tano, na sikumbuki hata mara moja niliyoinua kichwa. Roho ilikuwa juu. Saa za Doha na za Tanga ni zile zile, kwa hiyo sikuwa hata na kisingizio cha kusema huko bado hawajaamka. Mama aliingizwa chumba cha upasuaji saa nne asubuhi. Sasa ilikuwa inakaribia saa kumi.

Nikamwandikia mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa naye hospitali. Akajibu: "Mama anaendelea vizuri."

Maneno hayo yakanitisha zaidi. Kwetu mtu aliye ughaibuni haambiwi ukweli. Huambiwa "anaendelea vizuri" mpaka watu wameshazika, tena wanaona ni huruma, asije akaanguka ugenini bila mtu wa kumshika. Dada mmoja wa ghorofa yetu, Mzanzibari, alimtumia baba yake salamu wiki nzima, na wiki nzima nyumbani wakazipokea, kumbe mzee alikuwa kaburini. Aliyemwambia ni jirani, aliyempigia kumpa pole akidhani anajua.

Mkenya wangu aliona nazunguka tu, akanivuta kwenye hema ambako kina mama wa Kijapani waliwavisha wageni kimono, yale majoho yao ya kupishanisha kifuani. Foleni ilikuwa ndefu na miguu yangu haikutaka kutulia. Nikachukua moja ya buluu nikajivisha mwenyewe. Mtu aliyekua akijifunga kanga atashindwa na nini? Nikaleta upande wa kulia juu, maana kulia ndiko kwenye heshima, nikakaza. Mara bibi mmoja wa Kijapani akaja mbio, akaanza kunifungua mbele za watu. Nikapandwa na hasira, nikamshika mkono.

Akanieleza taratibu, kwa Kiingereza cha kukatakata, kwamba upande wa kushoto ndio unaokaa juu. Nilivyofunga mimi ndivyo wanavyofungwa maiti.

Sina tabia ya kuamini mikosi, lakini siku ile niliogopa. Nilimrudishia nguo yake hata bila kumshukuru, nikatoka nje ya hema na kumpigia mdogo wangu.

"Dada, amelala," akasema.

"Mwamshe."

"Katoka kupasuliwa, dada. Dawa ya usingizi haijamwisha."

"Basi washa kamera nimwone."

"Nesi hataki simu huku ndani."

Nikapandisha sauti mpaka watu waliokuwa wakila mezani wakageuka. "Washa kamera, au nampigia kila mtu mtaani mpaka nimpate wa kunipa pole!"

Nilidhani amekata. Kisha picha ikaja, ikitikisika: mama chali kitandani, mdomo wazi, kichwa wazi, mvi zake nje. Mama ambaye hata sisi wanawe hatukuzoea kumwona bila mtandio. Niliitazama shuka kifuani pake. Ikapanda, ikashuka, nikangoja ipande tena. Akafumbua jicho moja.

"Unampiga nani picha na kichwa wazi? Hebu lete mtandio wangu, huna adabu."

Nikakaa kwenye nyasi nikalia kwa sauti, nikicheka humo humo. Mkenya akapiga magoti kando yangu, akanishika bega. "Ako sawa?" akauliza. Nikatikisa kichwa kukubali.

Mdogo wangu alitoka na simu hadi ukumbini. Alikuwa amechoka, macho mekundu, naye kidogo alikuwa amenikasirikia. "Umeona sasa? Nilikwambia amelala, na kweli alikuwa amelala. Kwa nini huniamini?"

Nikamwuliza: "Na kama angefariki, ungeniambiaje?"

Nilitaka akane. Nilitaka aape kwamba mimi asingenificha. Akatazama chini, akajikuna shingo.

"Ningekwambia amelala, dada."