Ponti Mbili za Pikapu

Namsifu Mungu aliyenipa uzee pamoja na akili ya kukumbuka.

Miaka ile ya hamsini nilifundisha katekisimu katika mji wa Baraka. Mke wangu alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na siku ya pili mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, afikishwe hospitali ya Fizi. Kaka wa mke wangu ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu ya misheni, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Alikuwa amerudi tu, amevuka mto uliofurika mahali pasipo daraja. Tulimlaza mke wangu kwenye mkeka barazani, nikamwomba tuondoke.

"Ngoja, shemeji. Ponti zimeingia maji."

Kwetu daraja tunaliita ponti. Nikamjibu kwa hasira kwamba wiki hiyo nilikuwa nimepita kwa miguu juu ya ponti zote za njia ya Fizi, na mbao zilikuwa nzima.

Alicheka mpaka akaegemea gari. "Ee mwalimu! Ponti ya gari! Hii mitumbo miwili ya chuma, ya mbele na ya nyuma. Iko na meno ndani, ya kuzungusha magurudumu. Vua shati, lala chini."

Nikaanza na kizibo cha chini cha ponti ya nyuma, nimwage mafuta. Akanipiga mkono.

"Cha juu kwanza! Ukimwaga mafuta, halafu cha juu kikatae kufunguka, dada yangu atazalia hapa."

Cha juu kilifunguka, kisha cha chini, na mafuta yakatoka meupe kama maziwa kwa kuchanganyika na maji. Kwa mafuta hayo, alisema, meno yangesagika mlimani. Tukafunga cha chini, tukamimina mapya, mazito, yakishuka kwa uvivu mpaka yakachuruzika kwenye tundu la juu. Halafu ponti ya mbele, halafu sanduku la gia.

Mke wangu akaita, "Mutoto hawezi kungojea mafuta yenu!"

"Mwambie mujomba wake iko kazini!"

Mlimani tope lilifika nusu ya gurudumu. Pikapu ilinguruma, ikapanda, wala haikusimama hata mara moja. Hospitalini walimgeuza mtoto, akazaliwa akilia, msichana. Mjomba wake alinawa mikono kwa majivu mara tatu ndipo akampokea.

Saa ile ya kungoja, niliyoichukia, Mungu ndiye aliyetupatia. Wewe unayesoma, akujalie watu wa kukuzuia kwa upendo unapokimbilia hatari, na awafikishe salama wote uwapendao.