Fahali wa Kibondo

Sipendi watu wanaoigiza matamshi ya wenzao, na nimefanya kazi miaka mingi chini ya mmoja wao. Alitoka Tanga, akafungua Kasulu duka la sare za shule, baadaye akaagiza Dar mashine ya kudarizi. Mimi nilitoka Nyakitonto, kwenye maharage na mihogo, akaniajiri kukata nyuzi. Kwetu tunaongea Kiha, na Kiha hakina ugomvi na R. Kinachotushinda ni L. Mtu akikuambia anakwenda "kurara", huyo ni sisi. Bosi akinisikia nimeteleza, alilirudia neno langu mbele ya wateja kwa sauti yangu mwenyewe. Wao walicheka, nami nilicheka nao, kwa sababu kibarua kilikuwa chake.

Basi nikajifunza. Kila R iliyonijia mdomoni niliisimamisha kwanza, nikaikagua kama kweli ni R. Mara nyingi niliigeuza kuwa L na nikasalimika.

Mashine nayo niliijua hadi bosi akaacha kuisogelea. Kazi iliyotuletea wateja ni kapelo za herufi za kuvimba, zile zinazosimama juu ya kitambaa ukaweza kuzipapasa gizani. Unaivalisha kapelo kwenye fremu yake, unalaza kipande cha sponji mbele, sindano inashona herufi juu ya sponji, uzi kwa uzi, zimebanana. Sindano yenyewe ndiyo inayoikata sponji. Ukimaliza unabandua mabaki, unachokoa vipande vilivyonasa ndani ya matumbo ya herufi, kisha unapitisha moto kidogo vinyweleo visinyae. Uzi wa kawaida ukikosea unaufumua. Kwenye sponji ukikosea umekosea, maana matundu hayazibiki na kapelo imeharibika.

Bosi alipoamua kufungua duka la pili Kibondo, aliniambia mbele ya mkewe, "Binti, mashine ya pili niliyoagiza ikifika, Kibondo utaishika wewe." Niliitaka Kibondo kuliko kitu chochote. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba ambacho ningekaa na mama yangu. Tena huko ningeamka asubuhi nikafungua mlango mwenyewe, nikaongea siku nzima bila mtu wa kuniigiza.

Kazi ya kwanza ya Kibondo iliingia kwa simu. Bosi alikuwa Manyovu kwenye mambo yake ya vitenge, nikapokea mimi. Aliyepiga alikuwa nahodha wa timu ya mpira ya waendesha bodaboda, na alinisalimia kwa Kiha.

"Dada, tuandikire Fahari ya Kibondo," akasema. "Herufi zivimbe, zionekane kwa mbari."

Niliposikia "tuandikire" na "kwa mbari", nikajua huyu ni wa kwetu kabisa. Nikajiambia maskini, na yeye hajui. Timu ya mpira itajiita fahari kwa kitu gani? Ni fahali, dume la ng'ombe, lenye pembe na nguvu. Nikamrekebishia bila kumwambia, kwa heshima, ili asije akachekwa kama mimi. Nikaona pia kwamba fahali ni mnyama, hivyo "ya" haikai. Nikaweka "wa". FAHALI WA KIBONDO. Kiswahili kilichonyooka, hata mwalimu asingekitia kalamu nyekundu.

Nilizishona kapelo zote. Zilitoka nzuri mno, weupe juu ya bluu, na nikazipanga mezani bosi azione akirudi. Alichukua moja, akaisoma kwa sauti, akaniuliza mteja alitamkaje, nikamwambia, akatoka nayo hadi barazani. Akawaita wenye maduka ya jirani. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia wakipokezana kapelo yangu. Mmoja alilia kama ng'ombe. Bosi alisema nimeikwepa R kwa uvivu, nisije nikachokoa sponji tumboni mwa herufi hiyo, wakati miaka yote hiyo ni yeye aliyenifundisha kuiogopa. Hilo lilinichoma kuliko kicheko chenyewe, na mpaka leo linanichoma.

Kapelo zilikwenda hivyo hivyo, kwa sababu mechi ilikuwa kesho yake na nyingine hazikuwepo. Bosi akatamka kwamba duka la Kibondo haliwezi kushikwa na mtu asiyejua Kiswahili. Akamleta mpwa wake kutoka Tanga. Nikaagizwa nimfundishe kuvalisha kapelo kwenye fremu, nikamfundisha. Alikuwa kijana mwenye adabu na sina neno naye, ila kwenye chumba kile cha nyuma aliweka magunia ya mabaki ya vitambaa.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja nahodha mwenyewe akashuka Kasulu, amevaa kapelo yangu, imepauka kwa jua. Alitaka nyingine, na fulana juu yake. Alisema Kibondo nzima sasa inawaita Fahali, watoto wanawapigia kelele za ng'ombe barabarani, na timu nyingine zinawaogopa hata kabla ya mpira kuanza. Akauliza ni nani aliyewabunia jina lile.

Bosi akajishika kifua. "Mteja akileta wazo, sisi tunaliboresha," akasema. "Nililifikiria sana mimi jina hilo."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, kapelo ya mtu mwingine ikiwa mkononi. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nikaanza kulitafuta neno ambalo bosi hangeweza kulirudia kwa sauti yangu mbele ya yule mgeni, na kila lililokuja lilikuwa na R au L ndani yake, nikaliweka pembeni nikatafuta jingine. Nahodha alishukuru, akapeana mkono na bosi, akanipungia na mimi, akaondoka.

Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikakaa kitandani. Hapo ndipo nilipoona kwamba "ni mimi" haina R wala L.