Msokoto wa Kilo Nane

Biti ya kumi na moja ya kutobolea chuma ilivunjika Jumanne saa nne asubuhi, na Syokau Nthiwa hakuitazama. Macho yake yalikuwa kwenye mizani.

Syokau, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, huendesha mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta katika karakana moja ya Salama. Wiki hiyo kazi yake ilikuwa kutoboa matundu manane kwenye kifuniko cha pampu ya kisima cha Tulia, alikozaliwa. Vifuniko viwili vilikuwa vimeharibika, biti zikikatikia ndani. Chuma kilichobaki kilitosha kifuniko kimoja tu. Kikiharibika nacho, watu wa Tulia wangeendelea kufukua maji kwenye mchanga wa mto kwa miezi.

Tariq, mwenye karakana, alikuwa na maelezo yake. "Biti feki hizo, fundi. Tuagize zingine."

"Na hizo zikivunjika utasema nini, boss?"

"Nitasema chuma ndicho feki."

Skrini ya mashine huonyesha mzigo wa mhimili unaozungusha biti, lakini kwa asilimia tu. Asilimia ya nini? Syokau alitaka kujua nguvu yenyewe ya msokoto. Ndiyo maana alikuwa ametafuta beringi ya gurudumu la lori, akaweka juu yake chuma cha majaribio, akakichomelea mkono wa sentimita ishirini na tano. Ncha ya mkono akaifunga kwenye mizani ya kupimia ndengu aliyoazima. Biti ikikata, chuma hutaka kuzunguka nayo. Mkono huvuta mizani, na sindano hutaja nguvu. Kwa jedwali la watengenezaji wa biti, mvuto kwenye mkono huo haukupaswa kuzidi kilo nane.

Biti ya kumi na moja ilikuwa imevunjika sindano ikiwa kwenye saba na nusu.

Alichora asilimia za skrini dhidi ya kilo za mizani, baada ya kuiweka skrini isome sifuri mashine inapozunguka bure. Nukta zilinyooka kama uzi wa mwashi, ila mstari haukuanzia sifuri. Skrini ilipofika asilimia tano, mizani bado ilisema hakuna kitu. Akidhani beringi inakwama, akaiosha kwa mafuta ya taa, akapima tena. Mstari ukawa ule ule.

Alhamisi Kalunde, mnunuzi wa ndengu kutoka Kasikeu, alikuja kuchukua mizani yake.

"Mwaitu," Syokau alimwambia, kwa heshima ya mtu na mamake, "hii mizani iko sawa?"

"Iko sawa kabisa! Umesikia wapi Kalunde ameiba?"

"Sijasema umeiba. Nasema kitu chepesi haikioni."

"Aiya! Itakionaje? Nilishatoa kilo ya ndoo."

Kasikeu ndengu hupimwa ndani ya ndoo. Ili asibishane na kila mkulima, Kalunde alikuwa ameirudisha sindano nyuma kilo moja, na kipini cha sifuri kiliizuia isionekane imeshuka. Wakulima wake wote wanajua. Syokau aliona sindano kwenye sifuri, akaiamini.

"Na mimi sikuwa na ndoo," alisema.

Basi biti ilivunjika kwenye kilo nane na nusu, mahali ilipostahili kuvunjika. Kilo nane za kweli zilikuwa asilimia arobaini kwenye skrini. Syokau aliiagiza mashine isimame yenyewe kwenye thelathini na sita.

Ijumaa alifunga chuma cha mwisho. Matundu matano yalipita bila kuvuka thelathini. Kwenye la sita namba zikaanza kupanda: thelathini na mbili, thelathini na nne, thelathini na sita. Mashine ikasimama, biti ikajiinua.

"Imekufa?" Tariq aliuliza kutoka mlangoni.

"Iko hai. Imekataa kuvunja biti."

Alipitisha ukucha kwenye makali ya biti; yalikuwa yameliwa. Akafunga biti nyingine kutoka pakiti ile ile, akamaliza la sita, kisha la saba. La nane lilitoka saa saba na dakika ishirini, skrini ikisoma ishirini na tisa, na Tariq akawapigia simu watu wa Tulia walete gari.