Babu wa Birika ya Shaba

Mwaka ule muhogo ilioza shambani, tukakula bundu, ugali ya mahindi, na sombe, majani ya muhogo, bila mafuta mpaka watoto wakaota samaki. Ndiyo mwaka mimi, nyanya mwenye wajukuu wengi na heshima yangu hapa Nyakiyumbu, nilichekwa mpaka na kuku wangu. Naeleza mwenyewe kabla Masika hajawaelezea vibaya.

Masika ni mama wa kijana aliyeoa binti yangu. Kwake kuna saa ya ukutani ya babu yake, na ukienda kunywa chai lazima uisalimie kwanza hiyo saa (nimeisalimia miaka mingi, nimechoka). Basi tukaenda naye Kasese kutafuta unga, na sokoni, kati ya vyuma vya zamani, nikaona birika ya shaba inang'aa kama bibi harusi, nikainunua pale pale kwa pesa ya unga. Muuzaji akasema aliisugua na jivu na ndimu, na aliitoa kwa mutu wa vyuma kule Kikorongo. Masika akaguna kwamba hata hivyo haina babu kama saa yake. Nikamwambia babu yake tunamutafuta leo leo, na yeye ndiye shahidi.

Kikorongo nikashuka nimeibeba kama mutoto wa ubatizo, nikaonyesha watu pale imebonyea karibu na mudomo, nikasema hiyo ni risasi ya Wabeleji wa Kongo ya zamani. (Nani aliniambia? Hakuna. Ilikuja tu, na ilikuwa tamu.) Dereva wa lori akataka kuinunua, nikamujibu wote wasikie: "Siuzi, sibadilishi, simuazimi mutu."

Mutu wa vyuma akatutuma Bwera kwa Baluku, anayezungusha beseni za plastiki kwa baiskeli na kubadilisha na sufuria kuukuu. Baluku aliikumbuka: ilikuwa nyeusi kwa masizi, kuku walikuwa wanainywea maji, mwanamuke wa pale akasitasita kuitoa, lakini sauti ikatoka chumbani, "Peana takataka hiyo!" Nikacheka mpaka nikashika ukuta, nikasema mupumbavu wa namna hiyo lazima nimuone kwa macho. Baluku akanitazama sana, akachukua baiskeli, akasema tufuate.

Watu wa soko wakafuata pia, nami mbele namutukana huyo mwenye sauti ya chumbani. Tulipopita kanisa letu nikaona kumbe ni jirani yangu, nikafurahi zaidi.

Baluku akaegemeza baiskeli kwenye ua wangu.

Mbambu, muke wa mwanangu, akatoka na beseni nyekundu ya kufulia. "Mama, umerudisha birika ya kuku? Na unga iko wapi?"

Kuku wakaja mbio. Ile risasi ya Wabeleji nikaikumbuka: ni siku niliyomutupia mbuzi birika. Masika akakaa chini kwenye majani, machozi yanamutoka. "Mukwe wangu," akasema, "babu wa birika tumemupata. Ni wewe."

Tangu siku hiyo sitoi amri ya "peana" nikiwa kitandani. Lakini Baluku, mutu asiye na haya, akafungua beseni ya bluu kwenye baiskeli mbele ya umati wote, akauliza kama tubadilishane tena, na wote wakasogea waone kama nitainamisha kichwa. Nikaikumbatia birika yangu.

"Siuzi, sibadilishi, simuazimi mutu."