Mazishi Tuliyoyasikia kwa Simu

Mwaka ule Ramadhani iliangukia ndani ya Kwaresma, na mvua ilikuwa imetushika wiki nzima. Nyumba tatu kutoka kwetu, hapa Endasak, alikaa nesi wa zahanati. Alikuwa mtu wa Muheza aliyepangiwa kazi huku, na kijijini alikuwa Mwislamu peke yake. Msikiti wa karibu hatukuwa nao. Simu yake ndiyo iliyomwadhinia.

Aliyeanza kumjali ni mama yangu, mzee ambaye Kiswahili chake hakizidi cha mnadani. Jioni ya kwanza ya mfungo aliniuliza, "Yule binti anafuturu na nani?"

Nikamwambia anafuturu peke yake. Mama akainuka. Alichota uji wa ulezi, akaufunika kwa sahani, akanituma. Tangu hapo uji ulikwenda kila jioni. Sitajisifu: mimi sikuwa mwema kama mama, na zipo jioni nilizotoka kwenye mvua ile nikinung'unika. Siku nyingine nesi alikuja mwenyewe kufuturu jikoni kwetu, akamwamkia mama shikamoo, akaketi karibu na moto.

"Na wewe mama si umefunga?" alimuuliza.

"Mimi nimeacha nyama tu," mama akasema. "Wewe hata maji."

Asubuhi moja nilikwenda zahanati kuchukua dawa za presha za mama. Nesi alikuwa ndani akimzalisha mwanamke, na simu yake ililia mezani, ikakatika, ikalia tena. Alitoka tulipokwisha kusikia mtoto analia. Akanawa mikono, akapiga ile namba. Alisikiliza muda mrefu.

"Saa ngapi?" aliuliza. Kisha akaketi kwenye benchi la wagonjwa, katikati yetu. "Mama amefariki alfajiri. Wanamzika leo, baada ya alasiri."

"Si wakungoje?" nikasema.

"Kwetu maiti haicheleweshwi, dada. Na mimi, hata nikitoka sasa hivi, nitafika kesho."

Basi la kutoka Katesh, mji wetu wa wilaya, lilikuwa limepita alfajiri. Akainuka, akaendelea kuwahudumia waliokuwa kwenye foleni. Hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Alasiri nilimsindikiza mpaka mlimani nyuma ya kanisa, ambako mtandao unashika vizuri zaidi. Nilimshikia mwavuli. Mdogo wake alikuwa makaburini huko Muheza, ameiacha simu wazi ili dada yake asikie. Tulisikia miguu ya watu, sauti za wanaume wakisoma maneno nisiyoyajua, halafu majembe. Nesi alikuwa amekunja mikono kifuani, midomo inacheza. Majembe yakaendelea, kisha simu ikakata. Alipiga mara nne, haikupatikana.

"Watakuwa wameshamaliza?" aliniuliza, kana kwamba mimi nilikuwepo kule.

Tukashuka.

Kufika kwake tukakuta wanawake wamekwisha kuja na kuni, mahindi na maharage, kama tunavyokwenda kwenye msiba wowote. Mzee wa kanisa alivua kofia mlangoni.

"Nesi, pole sana. Sala zenu hatuzijui. Tusali za kwetu, au tunyamaze?"

"Kaeni tu, mzee."

Tukakaa kwenye mikeka, chumba kimejaa, hakuna aliyezungumza. Adhana ya magharibi ikalia kwenye simu, naye hakujongea. Mama akasogea na kikombe cha chai, akamfumbatisha.

"Kunywa, binti yangu. Imetosha leo."

Alimeza mafunda mawili. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na mama akamshika kichwa mpaka chai yetu ikapoa.

Siku ya tatu bodaboda alimletea boksi lililoshushwa na basi Katesh. Mama yake alikuwa amelituma kabla hajaugua. Ndani mlikuwa na tende, iliki, mdalasini, na karatasi ya daftari: tende ni za kufuturu na majirani zako. Nesi alikaa nalo mapajani saa nzima. Kisha akapita nalo nyumba kwa nyumba, kama alivyoagizwa. Sisi tulizila na uji. Zilikuwa tamu.

Siku ya Idi tulikwenda kumpa mkono. Hakuwa amepika, wala hakuvaa nguo mpya. Alitukaribisha maji, akaomba radhi. Kiangazi kilipoingia alipata uhamisho, akaondoka na lori la kubeba mbao, mizigo yake nyuma.

Nilimpigia miezi kadhaa baadaye. Akasema amepangiwa zahanati jirani na kwao, anaweza kufika nyumbani kwa miguu.

"Nimesogea, dada," aliniambia. "Lakini niliyetaka kuwa karibu naye hayupo."

Nikampa salamu za mama, akanishukuru, tukaagana.